Mama Hodi na milango iliyo wazi ya mitambo ya maji

Saa moja asubuhi. Lango la wateja la mamlaka ya maji halijafunguliwa, na kwenye ghorofa ya pili mfagizi ndiyo kwanza anakamua tambara lake. Chumba cha mwisho kushoto, kati ya choo na bohari ya karatasi, taa imeshawaka.

Ndani yake mwanamke wa miaka arobaini na kitu anavuta kiti, anashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, anabonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta yake, kisha anaiondoa mikono mezani na kuipakata.

"Sasa imetoka," anasema kwa sauti ya chini. "Tusubiri."

Kwa muda hakuna kitu. Halafu mstari mmoja wa kijani unatokea kwenye kioo. Wa pili. Wa tatu. Ghafla inakuja kwa mkupuo, mistari juu ya mistari, hata jicho linashindwa kuifuata. Yeye anaifuata. Anaisogelea, ananyoosha kidole bila kugusa.

"Kompyuta ya mapokezi hiyo. Kamera ya getini. Hii printa ya uhasibu, siku zote inawahi, haina subira kabisa. Hii nayo ni seva ya ankara, inachelewa kwa sababu ina kazi nyingi." Anatabasamu peke yake. "Nafanya hivi kila asubuhi, na kila asubuhi mwili unanisisimka. Jengo zima linaniamkia."

Kazini hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Hodi, na yeye mwenyewe akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo.

Kazi yake ni kulinda kompyuta na mitambo ya mamlaka inayopeleka maji kwa watu zaidi ya laki tatu. Chombo chake kikuu ni programu ya kukagua udhaifu. Programu hiyo inapita kwenye mtandao wote wa ofisi, inakiendea kila kifaa na kukiuliza: upo? Unatumia nini? Mlango gani umeuacha wazi? Kisha inalinganisha majibu na hazina kubwa ya kasoro zinazojulikana duniani, na kumwambia ni wapi mtu mwenye nia mbaya angeweza kupenya.

"Haifungi chochote," anasisitiza. "Inaona tu. Kufunga ni kazi yetu sisi wenye mikono."

Jengo hili amelijua tangu utotoni. Mama yake mzazi alikuwa mpokea simu hapa hapa, chini, enzi za ubao wa nyaya za kuchomeka na kuchomoa. Mtoto akitoka shule alikuwa akikaa chini ya ile meza, miguuni pa mama yake, akila mkate na kusikiliza mamlaka nzima ikipita juu ya kichwa chake.

Bibi huyo sasa amestaafu na anaishi na binti yake. Masikio yake bado ni makali, na ulimi pia.

"Mimi niliwajua kwa sauti," anasema, akiwa amejinyoosha kwenye kochi. "Mtu akisema 'halo' tu, najua huyu wa bohari, huyu wa pampu, huyu kagombana na mkewe asubuhi. Mwanangu anawajua kwa namba. Kazi ni ile ile, usinidanganye. Ila mimi nilikuwa nafaidi na umbea."

Baada ya kusomea kompyuta, binti alirudi kwenye jengo lile lile na kuajiriwa kusaidia wafanyakazi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka ngazi: huyu kompyuta imeganda, huyu kamwaga chai kwenye kibodi, huyu kasahau neno la siri kwa mara nyingine wiki hiyo hiyo.

Mambo yalibadilika baada ya wadukuzi kuvamia taasisi moja ya mji mwingine na kuzifunga kompyuta zake zote. Wafanyakazi kule walirudi kuandikia watu risiti kwa mkono. Habari zilipofika hapa, mkurugenzi, mama mmoja mwenye maneno machache, alimwita ofisini.

"Aliniuliza swali moja tu," anakumbuka. "Sisi tuko salama? Nikafungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba sijui. Nilisimama pale mdomo wazi kama samaki. Akaniambia, nenda katafute namna ya kujua."

Alitafuta. Alisoma, akauliza wenzake wa taasisi nyingine, akajaribu programu kadhaa, akaomba anunuliwe moja. Ilipofika aliiwasha asubuhi ya siku ya kazi, watu wote wakiwa mezani.

Hazikupita dakika nyingi, printa zikaanza kutema karatasi.

Siyo moja. Zote. Ghorofa ya kwanza, ya pili, masijala, uhasibu, mpaka ile kuukuu ya chumba cha madereva. Karatasi zilitoka zikiwa na herufi za ajabu, nusu maneno, alama zisizosomeka, moja baada ya nyingine bila kukoma. Karani mmoja alishika mkoba wake na kutoka nje moja kwa moja. Mwingine alianza kusali kwa sauti.

Mhasibu mkuu, baba mwenye mwili wake, ambaye hajulikani kuogopa kitu, alikuja mbio amekumbatia karatasi hizo kama mtu aliyeokoa nguo kwenye mvua.

"Nani anaandika haya?" alifoka. "Hii ni lugha gani? Ni nani anayetuandikia?"

Ilibidi yeye aeleze huku akibana kicheko. Programu inabisha hodi kwenye kila kifaa. Kompyuta inajua kujibu. Printa za zamani hazijui. Zenyewe zikiambiwa neno lolote, zinadhani ni kazi zimepewa, basi zinachapa.

"Kwa hiyo imepigiwa hodi, yenyewe ikaandika hodi?" mhasibu aliuliza.

"Ndiyo hivyo, mzee."

Mhasibu alizitazama karatasi, akamtazama yeye. "Basi, Mama Hodi, mwambie mgeni wako uhasibuni asije tena."

Jina likanata hapo hapo.

Lakini kilichomshangaza zaidi siku ile si printa. Kwa hesabu za ofisi, mamlaka ilikuwa na vifaa mia nne na kidogo vilivyounganishwa na mtandao. Programu ilileta zaidi ya mia sita.

"Nilidhani imekosea," anasema. "Nikairudia. Vikaja vile vile. Kumbe tulikuwa tunaishi na wageni mia mbili ndani ya nyumba, wanatumia umeme wetu, na hakuna aliyewahi kuwasalimia."

Alianza kuwatafuta mmoja mmoja. Runinga ya ukumbi wa mikutano ilikuwa mtandaoni. Mashine ya kusainia kazini kwa kidole ilikuwa mtandaoni. Kulikuwa na simu ya mezani iliyosahauliwa kwenye bohari, chini ya maboksi ya mita mbovu, iko hai kabisa.

Kifaa kimoja kilimsumbua kuliko vyote. Kilijibu kila kilipoulizwa, upesi na bila kosa, lakini hakikuonekana popote. Aliufuata waya wake kwa mkono, kutoka chumba hadi chumba, akipiga magoti chini ya meza za watu na kuomba radhi, mpaka waya ukaishia kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na ukuta mwingine.

"Nikaweka sikio," anasimulia. "Ndani kulikuwa na sauti. Kifeni. Kinapuliza polepole, vuu, vuu. Nywele zilinisimama."

Seremala aliitwa akakata mbao. Ndani, kwenye upenyo usiotosha mtu kusimama, palikuwa na kompyuta kubwa iliyofunikwa na vumbi zito kama blanketi. Waliofanya ukarabati wa jengo miaka ya nyuma walijenga ukuta mbele yake bila kuiondoa, na yenyewe ikaendelea na kazi yake gizani. Kila siku ilikuwa ikinakili kumbukumbu za wateja na kuzitunza, kama ilivyoagizwa, bila mtu yeyote kujua kwamba ipo.

"Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliifuta vumbi kwa upande wa kanga yangu, nikaionea huruma. Imefanya kazi miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiambia ahsante." Anarudisha miwani puani. "Na humo ndani mlikuwa na taarifa za wateja wote wa zamani, na mlango wake mtu yeyote angeufungua kwa kusukuma tu."

Kasoro zenyewe zilikuwa maelfu. Siku alipopata ripoti nzima ya kwanza, alirudi nyumbani akashindwa kula. Mama yake alimpakulia, akamwangalia akikichezea kijiko, akasogeza kiti.

"Zikipigwa simu kumi kwa mpigo ulikuwa unafanyaje?" binti alimuuliza.

"Naipokea ya zimamoto kwanza," bibi alijibu. "Ya mtu anayeuliza mshahara umetoka atasubiri."

Ndivyo alivyofanya. Alianza na milango inayotazama barabarani, ile ambayo mtu aliye popote duniani angeweza kuifikia. Ya ndani ilifuata. Alizisasisha programu zilizopitwa na wakati, akazima visivyotumika, akawabadilishia watu maneno ya siri.

"Nusu ya jengo neno lao la siri lilikuwa 'maji'," anasema. "Nusu nyingine, waliojiona wajanja, walikuwa wameweka 'maji' na mwaka."

Hakupendwa sana wakati huo. "Kompyuta yangu ilikuwa nzima mpaka alipoigusa," waliambiana kwenye korido, kwa sauti ya kutosha asikie. Yeye alisalimia na kupita.

Ukuta wa kweli aliukuta kwenye kituo cha kusafishia maji, nje kidogo ya mji, ambako maji ya mto yanachujwa, yanatiwa dawa ya klorini na kusukumwa kwenda majumbani. Huko bwana mkubwa ni fundi mkuu wa pampu. Wenzake wanamwita Mzee Presha, kwa sababu hana mazungumzo yasiyofika kwenye presha ya maji. Ukimwambia mkeo amejifungua, atakupa hongera, kisha atakuuliza huko kwenu maji yanapanda mpaka ghorofa ya ngapi.

Mama Hodi alikwenda kuomba programu yake ipite na kwenye mitambo ya kituo. Mzee Presha alimsikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono yenye grisi, tena kwa adabu zote.

"Dada yangu," alisema, "hapana."

"Lakini mzee..."

"Nilisikia habari za printa. Nilicheka sana. Lakini pampu si printa. Vile visanduku vinavyoongoza pampu zangu ni vya zamani, kimoja ukikishtua tu kinaganda. Printa ikiganda, mhasibu anapiga kelele. Pampu ikiganda, hospitali inakosa maji. Wewe utabisha hodi, nani atafungua? Mimi?"

Alisema kweli, na Mama Hodi alilijua hilo. Mitambo ya aina ile haikutengenezwa kwa ajili ya kuulizwa maswali na wageni. Mahali pengine ukaguzi wa pupa umewahi kuizima.

Hakwenda kushtaki kwa mkurugenzi. Badala yake alirudi kituoni tena na tena, akiwa na daftari na viatu vya mpira, akaomba afundishwe. Mzee Presha alimtembeza. Alimwonyesha matangi ya mchanga, akamwekea kiganja juu ya bomba kuu ili ausikie mto ukipita ndani yake. Alimwonyesha kabati la klorini na skrini inayoonyesha kiasi cha dawa, pamoja na kengele inayolia dawa ikizidi.

Kwenye dirisha alimwonyesha chupa mbili ndogo za kioo. Kila zamu, hata skrini isemeje, Mzee Presha huchota maji bombani, hutia kidonge, na kulinganisha rangi ya waridi inayotokea na kipimo cha klorini kilichochapwa kwenye kadi.

"Skrini nzuri," alimwambia. "Ila mimi nakunywa kwa mdomo, sinywi kwa skrini."

Hatimaye ni yeye mwenyewe aliyetoa njia. Siku ya matengenezo makubwa ilikuwa inakaribia. Siku hiyo mitambo yote ingeendeshwa kwa mkono, kila valvu na mtu wake. "Visanduku vikiganda siku hiyo, vigande. Sisi tutakuwa tumeshika usukani. Lakini utabisha polepole, kimoja kimoja, na mimi nimesimama hapo nyuma yako."

Siku ilipofika, jua la saa nne lilikuwa limeshaingia ndani ya kituo kupitia madirisha ya juu. Mafundi walikuwa kwenye valvu zao. Mama Hodi aliweka kompyuta juu ya kiti cha chuma, akachomeka waya, akapiga moyo konde.

Kifaa cha kwanza kilijibu na hakikuganda. Cha pili hivyo hivyo. Kila kimoja kilipojibu, Mzee Presha alitaja jina lake kwa sauti, kama baba anayewaita watoto wake waingie ndani: "Pampu ya kwanza. Pampu ya pili. Tangi la juu. Mita ya kutokea." Vilipokwisha, alishusha pumzi.

"Ndiyo vyote hivyo."

"Bado kimoja, mzee."

"Hakuna kingine."

"Kinajibu hapa. Kiko jirani na kabati la klorini."

Walikwenda wote wawili. Juu ya kabati, penye mwanga kabisa, palikuwa na kisanduku cheusi kisichozidi sahani ya kikombe, chenye taa ndogo inayopepesa. Ndani yake kulikuwa na laini ya simu. Waliofunga mtambo wa klorini, watu wa mkandarasi aliyeondoka zamani, walikiacha ili waweze kuurekebisha mtambo wakiwa kwao, bila kusafiri. Kazi iliisha, wakaaga, kisanduku kikabaki.

"Hiki kidubwana!" Mzee Presha alisema. "Mimi nakifuta vumbi kila wiki. Nilijua ni sehemu ya mita."

Mama Hodi alirudi kwenye kompyuta. Programu ilikuwa imeshampa jibu: kisanduku kinafikika kutoka popote duniani, na neno lake la siri ni lile la kiwandani, lililochapwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho kila mtu anaweza kukisoma. Aliliandika hilo neno. Mlango ukafunguka mara moja.

Ukurasa uliotokea ulikuwa wa kawaida tu. Jina la kifaa, hali ya laini, saa. Chini kabisa palikuwa na mstari unaoonyesha idadi ya waliounganishwa wakati huo.

Wawili.

"Mmoja ni mimi," anasimulia, na hata leo, chumbani mwake, anainua kidole kimoja na kukitazama. "Nikageuka. Nikamuuliza, mzee, kuna fundi mwingine ameingia kwenye hiki kitu? Akaniambia, fundi gani? Mafundi wangu wote nawaona, yule pale hata anakula karanga. Nikatazama tena. Wawili. Kuna mtu alikuwa mle ndani na mimi. Sijui yuko wapi, sijui ni mchana au usiku kwake. Yuko pale, kwenye dawa ya maji yetu, kimya."

Hakupiga kelele. Mzee Presha anasema sauti yake ilitoka ndogo mno, mpaka ilibidi ainame.

"Mzee, chomoa."

"Nichomoe nini?"

"Kila kitu. Chomoa hicho kidubwana."

Mzee Presha hakuuliza mara ya pili. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akaking'oa na skrubu zake. Taa ikazimika.

"Kioo changu kikaganda," Mama Hodi anasema. "Maisha yangu yote watu wananiita kwa sababu kioo kimeganda. Sijawahi kukifurahia kama siku ile."

Kisha walikwenda kwenye skrini ya klorini. Kiasi cha dawa kilikuwa sawa. Lakini Mzee Presha alipofungua mpangilio wa kengele, macho yalimtoka. Kiwango cha kuifanya ilie kilikuwa kimepandishwa juu sana, mahali ambapo hata maji ya bwawa la kuogelea hayafiki. Si yeye aliyekipandisha, wala si fundi wake yeyote. Mtu angeweza kumwaga dawa mara nyingi zaidi ya kipimo na kengele isingetoa hata mlio.

"Wameiziba mdomo kengele," alisema. "Wameiziba mdomo kwanza."

Halafu, mzee wa miaka sitini akakimbia. Alichukua chupa yake dirishani, akachota maji kwenye bomba la kutokea, akatia kidonge, akaiinua kwenye mwanga. Mafundi wakaacha walichokuwa wakifanya.

Rangi ilikuja taratibu. Waridi hafifu, ile ile ya siku zote.

Mzee Presha alikaa chini, pale pale sakafuni kwenye maji maji, chupa mkononi.

Mchana ule mji uliendelea na mambo yake. Wanafunzi walisukumana kwenye mabomba ya shule. Kwenye wodi ya wazazi kichanga kilioshwa kwa mara ya kwanza duniani. Mtu fulani alikuwa akiosha gari huku akipiga mluzi. Wote hao, hakuna aliyejua kwamba ndani ya kituo cha maji watu wazima walikuwa wamesimama mbele ya chupa ndogo, wakiisubiri rangi.

Mama yake alishtuka jioni alipomwona binti yake akiingia, akiweka mkoba chini, akienda jikoni moja kwa moja, na kunywa glasi ya maji, kisha ya pili, kisha kusimama akiitazama ile glasi tupu.

"Una nini wewe?"

"Nina kiu, mama."

"Kiu gani ya kuliza mtu?"

Mamlaka ilizitaarifu ofisi zinazohusika, na baadaye ikalitangaza tukio hilo yenyewe. Wataalamu walikuja wakakichukua kisanduku. Kwamba mgeni yule alikuwa nani na alikuwa akisubiri nini, mpaka leo hakuna aliyewaambia. "Walisema ametokea mbali, wakaishia hapo," Mama Hodi anasema. "Nimejifunza kulala na hilo."

Leo mitambo ya maji imetenganishwa kabisa na mtandao wa ofisi. Hakuna kifaa kipya kinachochomekwa kabla hakijakaguliwa, hata kiwe zawadi. Mkandarasi akimaliza kazi, hatoki getini mpaka aonyeshe kila alichokifunga na kila alichokifungua. Mzee Presha, aliyesema hapana, ndiye anayewapokea na kuwasindikiza.

"Miaka yote nilidhani adui wa maji ni kutu na mizizi ya miti," anasema. "Nimepigana na mafuriko, nimelala ndani ya mtaro. Mtu anayeingia bila miguu, sijawahi kumwona. Huyu dada alimwona. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nafuta vumbi."

Mama Hodi akiambiwa maneno hayo anatikisa kichwa. "Yeye hasemi kwamba kwa muda wote ule kengele ilipokuwa imezibwa, chupa yake ndiyo ilikuwa inaulinda mji. Mtu anafika kazini kila zamu, anatia kidonge, anatazama rangi. Hakuna anayemwona."

Kinachomkosesha usingizi siku hizi ni mto wenyewe. Juu ya mji, kwenye vilima, kuna vituo vidogo vya maji vya vijiji na miji midogo. Vingi havina fundi wa kompyuta hata mmoja. Mkurugenzi amemruhusu kwenda huko siku moja kila wiki, na Mzee Presha, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, amejitwika kazi ya kuendesha gari.

Wiki hii wamefika kwenye kituo chenye chumba kimoja cha matofali na pampu mbili. Msimamizi wake ni mama kijana, mwanawe mchanga amelala mgongoni. Anawapokea kwa uchangamfu, lakini haelewi wamefuata nini.

"Mmejisumbua bure, jamani," anawaambia. "Sisi huku hatuna mitandao. Tuna pampu tu."

Mama Hodi hambishii. Anageuza ndoo, anaweka kompyuta juu yake, anaanza, polepole, kama alivyofundishwa kituoni. Mama kijana anainama kutazama, mkono mmoja ukimpigapiga mtoto.

Mstari mmoja unatokea. Halafu wa pili. Halafu wa tatu.

"Ala!" anasema. "Hicho cha tatu ni nini?"

"Hata mimi sijui bado," anajibu Mama Hodi. "Tukitafute."

Mpango wake, anaeleza huku akiufuata waya kwa macho ukutani, ni kufika kwenye kila kituo cha mto huu, lakini si kwa ajili ya kukagua tu na kuondoka. Anataka kila kituo kiwe na mtu wake anayejua kuyauliza maswali haya, na mtu huyo awe na chupa na vidonge dirishani.

"Mimi ni mmoja. Nikiugua je? Nataka nizeeke huku nikijua kwamba mto mzima una macho," anasema. "Na watu chini huko wafungue bomba bila kufikiria kitu. Hilo tu. Wafungue, wanywe, waende zao."

Mama kijana hasikilizi tena. Ameshaondoka kwenda kona ya chumba, na sasa anarudi akiburuta kigoda, anakiweka karibu na ndoo, anamsogeza mtoto vizuri mgongoni na kukaa.

"Haya, dada," anasema. "Nionyeshe tena, kuanzia mwanzo."